Namba za Kitale kwenye Mashine ya Bungoma

Baba Wekesa,

Mama yako alifika kwangu Kitale Jumamosi iliyopita. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akakataa chai mara ya kwanza, akaikubali mara ya pili, na alipomaliza kikombe akanipa ujumbe wako. Ati unauliza ulikosea wapi. Anasema unashinda nje ya nyumba pale Malakisi na kile kijitabu mapajani, unafuata namba kwa kidole na kwa jicho lile moja lililobaki, ukifika mwisho unarudi mwanzo. Anasema asubuhi ile yenyewe huikumbuki. Unakumbuka ukivaa ovaroli mpya kule Bungoma, halafu unakumbuka dari ya hospitali, na kati ya hayo mawili hamna kitu.

"Anasema ni wewe ulikuwa unajua hiyo kazi," mama yako akaniambia, macho yake yakiwa kwenye kikombe. "Umwambie tu, mama, hata kama ni kwa kumtukana."

Nitakuambia. Na kwa vile matusi umeyaruhusu mwenyewe, usije ukalalamika njiani.

Barua hii haina siri. Nakala moja ataileta mama yako, usomewe kwa sauti, kwa sababu jicho moja huchoka upesi. Ya pili nitaiweka mezani kwa Mzee Njoroge, mwenye karakana, Jumatatu asubuhi. Ya tatu atakayeitaka aichukue. Uliyonifanyia uliyafanya mbele ya watu, na mimi niliyokufanyia nitayasema mbele ya watu. Hapo tu ndipo tutakuwa sawa, maana kwingine kote hatujawahi kuwa sawa.

Naanza na lililo jema, kwa sababu lilikuwepo, na sitaki mtu aseme niliolewa na ukuta.

Mzee Njoroge alikuwa ameinunua ile mashine ya CNC ikiwa imetumika tayari, mashine ya kuchonga chuma kwa kufuata maagizo ya kompyuta. Watu wa Kitale wakaibatiza mashine ya kompyuta, wakawa wanapita dirishani kuichungulia kama bibi harusi anayevishwa. Mzee, ambaye baba yake alitoka Nyeri akafuata mahindi huku kwetu, aliamini kitu chochote kitaenda mradi kimeombewa. Aliiombea, ikakataa kuwaka. Ndipo akaniajiri mimi, msichana wa chuo cha ufundi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume tisa. Wewe ulikuwa kwenye mashine ya kukereza, ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono. Haki yako sikunyimi: mikono ulikuwa nayo. Ulikuwa unapitisha kidole gumba juu ya shafti ukajua imezidi wapi. Lakini mbele ya skrini ulinywea kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa hedimasta.

Siku hiyo tulikuwa na kazi ya mteja wa Moi's Bridge, nyumba ya beringi, tundu la chuma inamokaa, ya mashine yake ya kupukuchua mahindi. Nilikuwa nimebana pande la chuma, natafuta sifuri. Kwa watakaosoma hii na hawaijui kazi yetu: mashine haina macho. Haijui chuma kimewekwa wapi juu ya meza. Lazima mtu aiambie kwamba kona ya chuma iko hapa, hapa ndipo sifuri, anzia kuhesabu hapa. Na sisi kona hiyo tulikuwa tunaitafuta kwa karatasi. Unailaza karatasi kwenye chuma, unasogeza kifaa kidogo kidogo kwa gurudumu la mkono, huku mtu akiivuta ile karatasi mbele na nyuma, mpaka kifaa kiishike. Ukitoa unene wa karatasi, umeipata.

Karatasi yangu ya daftari ilikuwa nene na imelowa jasho. Ukaja bila kuitwa, ukatoa mfukoni karatasi za kusokotea sigara. Kwenu tumbaku iko kila boma na karatasi hizo hazikosi. Ukaishika moja kwa vidole viwili, mimi nikazungusha gurudumu. Nikauliza imeshika, ukasema bado. Nikazungusha alama moja tena, ukasema bado. Tulikaa hivyo sijui dakika ngapi, vichwa vimekaribiana, tunanong'ona kama watu walio kwenye maombi.

Halafu ukasema, "Hapo. Imeshika vire mtoto anashikanga kidore."

Nilipima tena kwa chombo, na ilikuwa hapo hasa. Nikacheka hiyo kidore yako, kwa sababu l na r kinywani mwako hazijawahi kujua kila moja inakaa wapi. Nawe ukacheka. Nilijiambia kwamba mtu anayeweza kusubiri hivyo kwa ajili ya karatasi ataweza kumsubiri mtu pia. Huo ulikuwa upumbavu wangu, wala simlaumu mwingine.

Tulioana. Wekesa akazaliwa wakati wa mavuno, kama jina lake linavyosema, na kwa miezi kadhaa ulikuwa mume ambaye wanawake wa ploti tuliyopanga walinisifia. Ulimwogesha mtoto bila kuona haya. Uliniletea miwa. Nakumbuka yote, wala siwezi kujifanya sikumbuki ili hasira yangu ionekane safi.

Lile lingine ulilianza kwa upole. Tulikuwa tunarudi nyumbani jioni kupitia kwenye maghala ya mahindi, ukaniambia wenzako pale karakana wanakucheka. Kila mteja akija ananikuta mimi kwenye skrini na wewe pembeni umeshika karatasi. "Wanasemanga nimekariwa chapati, ati bibi ndiye ananitawara," ukasema, na sauti yako ilikuwa na uchungu kweli. Ukaniomba wageni wakija nisogee kando. Si ati niache kazi, hapana, nisogee tu. Nikasogea. Ndoa ina mambo mengi ya kusogea, na hilo lilionekana dogo.

Basi ikawa hivi. Mimi nafika mapema, kabla Mzee hajafungua ofisi. Naseti kila kitu. Wakati watu wanaingia, wewe umesimama mbele ya mashine na mimi nimeshika ufagio. Ulibonyeza kile kitufe cha kijani kwa kidole kimoja kilichonyooka, kama padri anayebariki, na mashine ikaanza kuchonga, na wateja wakatikisa vichwa. Wakakuita injinia. Ukaitika.

Kutafuta kona ya chuma ulikuwa umejifunza vizuri, kwa sababu ni kazi ya vidole. Lakini urefu wa vifaa hukuujua hata siku moja. Urefu ni kazi isiyoonekana. Drili ukiinoa, imefupika. Ukiitoa kwenye kishikio chake ukairudisha, imekaa juu kidogo au chini kidogo. Kwa hiyo kila asubuhi nilikishusha kila kifaa juu ya kipande cha chuma kilekile, nikasikiliza karatasi, nikaiandika namba kwenye kijitabu changu, nikaiingiza kwenye mashine. Mashine ikishaambiwa kifaa kina urefu fulani, inaamini bila kuuliza. Ukiiambia drili ni fupi, na drili ni ndefu, itaishusha kwa kasi ikidhani bado iko hewani, kumbe ncha imeshafika kwenye chuma.

Namba zile zilikuwa za siku ile, za mashine ile, za drili zile. Kesho yake nusu yake zilikuwa hazina kazi. Wewe ukaziona zimeandikwa kwa kalamu ya wino, mstari baada ya mstari, ukafikiri ndizo siri yenyewe. Uliziamini kama Zaburi. Hukuwahi kuuliza zilitoka wapi, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukubali kwamba zilitoka kwangu. Nami sikukuambia. Ulikuwa umeshachukua mahali pangu pa kusimama, na jina langu, na maswali ya wateja. Hicho kimoja nikakibakiza.

Sasa nije kwenye sherehe ya Mzee. Hiyo unaikumbuka, jicho halikuiondoa. Mavuno yalikuwa mazuri, Mzee akawaalika watu wa kanisa na wafanyakazi wote nyumbani kwake kushukuru. Baada ya maombi akakusimamisha, akasema huyu kijana wa Bungoma ndiye anayeiongoza mashine ambayo hata Eldoret wanaitafuta. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa kanisa, mwenye roho nzuri tu, akauliza kama si kweli kwamba na mke wako ni fundi wa hiyo mashine. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya mukimo mkononi. Nilinyoosha mgongo. Nilidhani utasema hata nusu ya ukweli.

Ulisema, "Huyu? Huyu ananisaidianga tu kufagia vyuma."

Wakacheka, na wewe ukacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu sahani ilikuwa ya watu na sikuwa na mahali pa kuitupa. Nyumbani ulilala ukakoroma. Asubuhi yake nilipima urefu wa drili moja mara tatu, nikaandika namba, nikaingiza, nikachukua ufagio. Kazi ya siku ile ilitoka safi. Nataka ujue hilo. Hata siku ile sikukuharibia.

Halafu akaja yule mwenye karakana mpya ya Bungoma. Alikuwa ameagiza mashine mpya kabisa na anatafuta mtu. Mzee Njoroge, ambaye ni mjuaji wa kila kitu lakini si mwongo, alimwambia hapa kuna mume na mke, mume ndiye anayeiongoza ila hata mke anaifahamu kidogo. Kumbe yule mtu akakuuliza habari zangu, nawe ukamjibu kwamba niliacha kazi tangu nipate mtoto, kwamba siku hizi nimechoka na mambo ya vyuma. Haya nimeyajua baadaye sana, kutoka kwa Mzee mwenyewe, aliyeyasema akidhani ninayajua. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilikuwa kitandani.

Jumapili ulipakia nguo. Nikakuuliza nami je. Ukasema, "Nitakuita. Wacha kwanza nijipange, nipate pa kurara." Jumatatu nilipofungua mkoba wangu sikukuta kijitabu. Ulikitoa chini ya nepi za mtoto, mahali ambapo ni mtu wa nyumbani tu angeweza kutafuta. Kama ungeniomba ningekupa, na ningekucheka, kwa maana ulikuwa umeiba hesabu za jana.

Nikaenda kwa Mzee. Nilimkuta ameifunika mashine turubai la kijani, lile la kufunikia mahindi. Nikamwambia sina haja ya kumngoja mtu, mimi ndiye niliyekuwa napima, mimi ndiye niliyekuwa naseti, wewe ulikuwa unabonyeza. Angenifokea ningeweza kumjibu. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeamini kwamba kwa kazi hiyo ulishanipita zamani. Alisema, "Mama Wekesa, hii si sufuria." Akaniambia niende nyumbani nimlee mtoto mpaka mume wangu atakaponiita. Wale wanaume wengine walikuwa wanasikiliza, kila mmoja ameinamia kazi yake, hakuna aliyeinua kichwa. Nilifika nyumbani nikafua nguo zilizokuwa safi.

Wiki mbili zikapita. Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, nilikuwa naanika. Simu ikalia. Ulikuwa wewe. Nyuma yako nilisikia watu wakiongea na feni ya mashine, na nikajua ndiyo kazi yako ya kwanza na wageni wamekuja kutazama. Ulinong'ona. Uliniambia umeshapata kona kwa karatasi, kona iko sawa, na zile namba za urefu umeziingiza zote kutoka kwenye kijitabu. Ukauliza, "Mama Wekesa, hizi namba ni zire zire?"

Nilijua, Baba Wekesa. Sitaki uwepo utata hapo. Bungoma kila kitu kilikuwa kipya: mashine mpya, vishikio vipya, drili ndefu zilizotoka kiwandani ambazo hazijanolewa hata mara moja. Zangu za Kitale zilikuwa zimenolewa mpaka zimekuwa vigutu. Ulikuwa umeiambia mashine ile kwamba drili ya Bungoma ina urefu wa kigutu cha Kitale. Nilijua itashuka. Nilijua itashuka kwa kasi. Ningeweza kusema maneno matatu. Ningeweza kusema usibonyeze, subiri, nitakueleza.

Nikasema, "Ni zile zile. Weka tu."

Ukasema asante. Nikaitia simu kwenye mfuko wa aproni, nikaanika suruali mbili na mashuka.

Waliokuwepo wameshasimulia yaliyofuata, nami nitayaweka hapa kwa ajili yako, kwa kuwa huna. Swichi ya mlango wa mashine, ile inayoizuia kwenda mlango ukiwa wazi, walikuwa wameifunga kwa waya ili wageni waone vizuri. Wewe ulikuwa umeingiza kichwa, kama tabia yako, maana hukuwahi kuamini kitu usichokitazama kwa karibu. Drili ilishuka, ikagonga chuma, ikavunjika vipande vitatu. Viwili vilibaki ndani ya mashine.

Utaniuliza kama nililitaka jicho. Nilitaka uaibike. Nilitaka usimame mbele ya watu wanaocheka na usiwe na mahali pa kutupa sahani. Jicho sikulitaka. Lakini sitakuapia kwa Mungu, kwa sababu nilikujua unavyochungulia. Nimekufokea kwa hilo mara nyingi kuliko nilivyomfokea Wekesa kwa kucheza na maji. Nilipokuwa naanika yale mashuka nilijua kichwa chako kiko wapi.

Nikaja hospitali. Nesi aliniambia nina bahati, mume wangu angeweza kufa. Ulikuwa umefungwa bandeji nusu ya uso, na ulipoisikia sauti yangu ukautafuta mkono wangu juu ya blanketi. Ulilia kwa jicho moja. Ulisema, "Nisamehe. Nimetuharibia." Nikakuambia mashine ni mashine. Nikakulisha uji kwa kijiko, nikakufuta kidevu. Watu wa kitanda cha jirani walinisifu, wakasema wanawake wa hivi siku hizi hakuna. Sijawahi kumfanyia mtu kitu kibaya kuliko kile kijiko, na nakihesabu juu ya lile la simu.

Kule Bungoma hawakukutaka tena. Nikakushauri uende kwenu Malakisi, kwamba Kitale kuna vumbi na kidonda kinataka hewa safi. Ukakubali kama mtoto. Ukweli ni kwamba sikuweza kukuona kila siku ukipapasa kikombe. Hilo la vumbi nililitunga hapohapo.

Na mimi? Mavuno yalikaribia, mashine za kupukuchua zikaanza kuharibika kama kila mwaka, wateja wa Moi's Bridge wakampigia Mzee kelele. Nilikwenda nikamwambia anipe asubuhi moja tu, na nikishindwa nisimwone tena. Aliondoa turubai yeye mwenyewe. Nilitafuta sifuri mbele yake, nikapima kila kifaa mbele yake, polepole, nikimwonyesha kila namba inavyozaliwa. Kipande kilipotoka na beringi ikaingia kwa kidole bila nyundo, aliitoa, akaiingiza tena. Kisha akasema, "Kumbe ni wewe." Neno hilo nilikuwa nimelingojea tangu niliposhika ufagio. Siku hizi ananiita Fundi, na wale wanaume wananiuliza kabla ya kubana chuma. Asubuhi ninapoingia ninafurahi. Nakuambia hilo pia, kwa sababu ni kweli.

Basi ningeweza kunyamaza. Huikumbuki ile simu. Hakuna mtu mwingine aliyeisikia. Bungoma wanasema uliwadanganya kuhusu ujuzi wako, Kitale wanasema ni bahati mbaya, kanisani wanakuombea. Mzee akiisoma hii huenda akalirudisha turubai, na wale wanaume wakawa na la kuongea mpaka mavuno mengine. Ndugu zako huenda wakaja kumchukua Wekesa, na wazee watakaokaa kuamua watakuwa upande wao, na sitakuwa na la kujibu. Hayo nimeyapima. Usidhani naandika kwa wepesi.

Ningenyamaza, ila mama yako alisema jambo moja wakati anatafuta viatu vyake mlangoni. Alisema kila siku unajiita mjinga. Kwamba hata kuku wakimwaga maji unasema ni sawa, mwenye boma ni mjinga. Nilidhani maneno hayo yangeniingia kama asali. Nilimsindikiza mama yako mpaka stendi, nikarudi, nikakaa kwenye kiti kile alichokalia, na asali haikuja. Nilikuwa na hasira. Unajiita mjinga kwa jambo ambalo hukulifanya, na mimi ambaye nililifanya kwa akili timamu nakaa hapa naitwa mwanamke mwema. Hata hapo umenipokonya. Hata kosa langu umeliandika jina lako.

Kwa hiyo sikiliza, na anayekusomea asiruke. Kuna maneno uliyoyasema kwenye simu ile ambayo sijayaandika hapo juu. Nilitaka kuyaacha. Uliyasema kabla hujaniuliza kama namba ni zile zile, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

Ulisema, "Hii driri naona ni ndefu kuriko ya Kitare. Roho yangu inakataa kubonyeza."

Hicho ndicho unachokitafuta kwenye kijitabu, na hutakipata, kwa sababu hakikuandikwa na wala si kosa. Hukukosea mahali popote. Ulikitazama chuma, ukaitazama namba, ukaona havikubaliani, na ukaamini chuma. Hakuna aliyekufundisha hilo. Mimi chuoni lilinichukua miaka miwili na drili nyingi zilizovunjika. Wewe ulilipata peke yako, mbele ya wageni, na kidole chako kiko tayari juu ya kitufe. Baada ya hapo kilikuwa kimebaki kitu kidogo tu cha kuonyeshwa, kuupima urefu, kazi ya asubuhi moja, na usingenihitaji tena hata kwa simu.

Nilisikia hayo yote nikiwa na suruali yako mkononi. Nilijua kwamba siku hiyo umekuwa fundi. Kama ungenipigia ukiwa bado mjinga, nadhani ningekuambia usibonyeze.

Wasalimie wa hapo nyumbani, wale watakaokubali salamu zangu.

Ni mimi mke wako,
Mama Wekesa